Geti, Rimoti na Kibwagizo

Jirani yangu wa hapa Buseresere aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nyingi, yenye Kichina upande mmoja na Kiingereza cha kubahatisha upande wa pili, akanitaka nimfasirie. "Mwalimu, lugha ni kazi yako," alisema, nami sikuwa na hoja ya kukataa. Karatasi ilitoka ndani ya boksi la mota ya geti. Geti lenyewe ni la chuma, la kuteleza juu ya reli, lenye upana wa kupitisha Fuso iliyosheheni saruji, kwa kuwa yeye huuza vifaa vya ujenzi na bohari yake iko nyuma ya nyumba anamolala na wanawe. Mota ilikuja na rimoti nne. Moja ilikuwa imeanguka sokoni Katoro wiki ile ile, na swali lake lilikuwa hili: aliyeiokota anaweza kuingia kwangu?

Swali ni fupi, lakini kulijibu kulinipeleka kwenye mawimbi ya redio, kwenye hesabu, na hatimaye kwenye arudhi ya ushairi wetu. Ndiyo sababu naliandika hapa, mbele ya watu ambao wakisikia neno kibwagizo hawaulizi maana yake.

Msomaji asiyeijua Buseresere aelewe kwamba tumeshikana na Katoro kama pacha. Katoro ni ya Wilaya ya Geita, sisi ni wa Wilaya ya Chato, na mgeni anayepita barabarani hawezi kutambua alipotoka upande mmoja akaingia wa pili. Mpaka wa wilaya mbili hauna geti. Nyumba zetu ndizo zilizoota mageti. Dhahabu ina mkono wake katika jambo hili: mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wachimbaji wadogo wapo kila upande, na penye dhahabu huja fedha taslimu, na penye fedha taslimu huja kuta. Zamani kaya ya Kisukuma ilizungushiwa minyaa, ule mti wa utomvu mweupe unaounguza macho. Uzio wa minyaa humzuia ng'ombe na humkumbusha binadamu, lakini haumzuii anayetaka kweli kupita. Kilichomzuia mtu ni kwamba angeonekana, na angeulizwa.

Geti la jirani yangu lilikuwa na wa kuuliza. Ni mzee mmoja aliyelilinda kwa miaka mingi, mtu wa kizazi kilichoshuhudia sungusungu ikianza upande wa Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ulinzi wa siku zile ulisimama juu ya sauti. Mwano ukipigwa, yaani lile yowe la hatari, kijiji kinachosikia hupokea na kukipelekea kijiji kinachofuata, na mwizi wa ng'ombe hujikuta amezingirwa na sauti kabla hajaiona hata sime moja. Mzee huyu analijua geti kwa namna hiyo hiyo. Mtu akibisha, yeye haendi kuchungulia kwanza. Anasikiliza hodi.

Hodi si ufunguo, ni swali, na swali hujibiwa na mtu. Anayebisha hutoa sauti yake, na ndani ya sauti mna umri, mna kabila, mna haraka au utulivu, mna ulevi kama upo. Anayejibu "karibu" amepima yote hayo kwa nukta moja. Ndiyo maana mtoto akiitikia "karibu" bila kuuliza ni nani, mama yake humkemea. Nililiwaza hili nilipokuwa nikiifasiri karatasi, kwa sababu mstari wake wa kwanza ulidai kwamba mota hii inamfanya mwenye nyumba asihitaji tena mlinzi. Jirani yangu alikuwa ameusikia mstari huo kwa muuzaji, na mzee alikuwa ameusikia kwa jirani yangu.

Rimoti hufanya nini hasa? Kamusi ina neno kitenzambali, na wanafunzi wangu hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha wakitoka nje husema rimoti. Siwalaumu. Kitenzambali ni neno zuri kwa umbo lake, lakini linadai kwamba kifaa kile kinatenda kwa mbali, na kwa upande wa geti si kweli. Kinachotenda ni mota, iliyo pale pale getini. Rimoti husema tu. Ukibonyeza kitufe, kidude hicho chenye betri ndogo hutamka neno moja kwa mawimbi ya redio, mara nyingi katika masafa ya megahezi 433, na neno hilo huenea pande zote kama adhana, kwa wote wenye kusikia. Kipokezi kilicho ndani ya mota hulisikia, hulilinganisha na maneno kiliyofundishwa, na likilingana, huamuru mota izunguke. Rimoti ya televisheni hutumia mwanga usioonekana, kwa hiyo inahitaji kuelekezwa. Ya geti haihitaji: hata ikiwa mfukoni, na geti liko nyuma ya ukuta, itasikika.

Kwa hiyo ni hodi, lakini hodi isiyo na sauti ya mtu. Geti hulijua neno, halimjui msemaji.

Walimwengu wameliwaza jambo hili kabla ya umeme. Katika Alfu Lela Ulela, pango la wezi arobaini hufunguka kwa jina la mbegu, ufuta. Ali Baba hakuwa mwizi wala mwenye pango. Alijificha tu akasikia, na pango likamtii kama lilivyowatii wenyewe. Nduguye Kassim aliingia kwa neno lile lile, kisha akalisahau akiwa ndani, akataja mbegu nyingine zote isipokuwa ile moja, na wezi wakamkuta humo. Hadithi nzima inasimama juu ya kasoro ya neno la siri lisilobadilika: atakayelisikia mara moja amelipata milele.

Rimoti za kwanza za magereji ya Marekani zilikuwa na kasoro hiyo kwa ukubwa wake wote. Mlango wa gereji unaoinuka kwa umeme ulibuniwa na C. G. Johnson mwaka 1926, na rimoti za redio zilipofuata, nyingi zilitoa wimbi la aina moja tu, hata mtu akibonyeza yake akajikuta amemfungulia jirani. Baadaye wakaweka vijiswichi vidogo ndani ya rimoti, kila kimoja juu au chini, ili kila nyumba iwe na mpangilio wake. Swichi 12 hutoa mipangilio 4,096. Ilionekana kuwa mingi.

Hapa ndipo nilipoanza kuona ushairi. Rimoti ya namna hii ni shairi lenye kibwagizo. Kila ubonyezapo, mstari ni ule ule, herufi kwa herufi, kama mstari wa mwisho unaorudi katika kila ubeti. Na kazi ya kibwagizo ni nini? Ni kushikika. Hadhira ikikisikia mara mbili, mara ya tatu inakiitikia yenyewe. Hicho ndicho kinachokipendezesha jukwaani, na hicho hicho ndicho kinachokiangamiza getini. Pale Katoro kuna fundi wa simu anayenakili rimoti za aina hii. Unamkabidhi yako, anaiweka karibu na rimoti tupu, anabonyeza vitufe viwili, na kabla hujamaliza kuuliza bei, imekwisha. Nilimtazama akifanya hivyo kwa rimoti ya nyumba ya wageni moja. Hakuhitaji kujua geti liko wapi wala ni la nani.

Hata bila kusikia, neno la namna hii laweza kubahatishwa. Mtu asiye na haraka angejaribu mipangilio yote 4,096 mmoja mmoja, kila mmoja wa alama 12, jumla alama 49,152. Mwaka 2015 Mmarekani mmoja, Samy Kamkar, alionyesha njia fupi zaidi kwa kutumia kidude cha watoto cha kutumiana ujumbe: chini ya sekunde 10, milango ya aina hiyo ikafunguka. Alikiita kifaa chake kwa maneno ya Ali Baba. Siri yake ilikuwa kwamba vipokezi vingi havikujali neno linaanzia wapi. Vilisikiliza mfululizo wa alama na kungoja lao lipite. Kwa hiyo mwisho wa jaribio moja ukaweza kuwa mwanzo wa jaribio linalofuata.

Msomaji wa mashairi, sema mwenyewe hilo ni bahari gani. Ni pindu! Neno la mwisho wa mstari huchukuliwa likawa la kwanza la mstari ufuatao, shairi likajisuka kama mkufu. Chukua alama mbili tu, 0 na 1, utafute maneno yote ya alama tatu. Yako manane, na ukiyaandika moja moja utatumia alama 24. Yasuke kwa pindu, na alama 10 zinatosha: 0001011100. Soma tatu tatu ukisogea alama moja kila mara, yote manane yamo. Kwa maneno ya alama 12, zile 49,152 hupungua hadi 4,107. Wanahisabati huuita mfululizo huu kwa jina la Nicolaas de Bruijn, Mholanzi aliyeuandikia mwaka 1946, lakini mfano mkongwe zaidi unaojulikana umo katika arudhi ya Kisanskriti: neno moja la silabi 10 walilolitunga ili mwanafunzi akumbuke mifumo yote minane ya silabi tatu, fupi na ndefu. Watu wa mizani walifika kabla ya watu wa mageti. Nakiri nilifurahi kupita kiasi nilipolijua hilo, na mke wangu aliniambia nizime taa.

Sasa turudi kwenye karatasi, maana rimoti za jirani yangu si za kibwagizo. Zinatumia njia iliyoanzia Afrika Kusini, na hili nalo halisemwi vya kutosha. Katika miaka ya 1980, katika kampuni iitwayo Nanoteq, Frederick Bruwer alibuni utaratibu wa mazungumzo, Gideon Kuhn akabuni fumbo lenyewe, na Willem Smit akaliingiza katika kipande cha silikoni. Waliuita KeeLoq. Mwaka 1995 uliuzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani kwa dola milioni 10, ukaenea katika magari na mageti ya dunia.

Wazo lao ni hili. Rimoti na kipokezi vina siri moja ambayo haitamkwi kamwe hewani, na vina hesabu. Kila ubonyezapo, rimoti huongeza hesabu yake kwa moja, huichanganya na ile siri, na kinachotoka ni neno jipya lisilofanana na la jana wala la kesho. Kipokezi, kwa kuwa kina siri ile ile, hulifumbua na kuuliza jambo moja: je, hesabu hii iko mbele ya ile niliyoisikia mwisho? Ikiwa mbele, fungua. Ikiwa ni ya zamani, nyamaza. Aliyerekodi neno la asubuhi akalirudia jioni ataongea na chuma.

Katika istilahi zetu, huu ni ushairi usio na kibwagizo, ule ambao mstari wa mwisho hubadilika kila ubeti, nao wajuzi huuita sabilia. Mizani ni ile ile, mtunzi ni yule yule, lakini hadhira haiwezi kuitikia kwa sababu haijui mstari ujao. Anayejua ni yule tu aliyefundishwa na mtunzi.

Na mtoto akichezea rimoti akiwa shuleni, hesabu ikaenda mbele bila geti kusikia? Watunzi walilifikiria. Kwa kawaida kipokezi cha KeeLoq huvumilia kuachwa nyuma hatua 16. Ikizidi hapo, hutaka kusikia maneno mawili yanayofuatana ndipo kiamini tena. Ndiyo sababu rimoti iliyokaa mikononi mwa mtoto hukataa mara ya kwanza na kukubali baadaye, na watu husema betri inakufa.

Fumbo mfumbe mjinga, na werevu walikuja. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walipima umeme unaotumiwa na kifaa kinapofumbua neno, wakapata siri kuu ya mtengenezaji, na tangu hapo wakaweza kuiga rimoti baada ya kusikia maneno mawili tu kwa mbali. Kamkar naye, mwaka 2015, alionyesha hila nyepesi zaidi: kifaa kinachovuruga hewa ili geti lisisikie, huku chenyewe kikilisikia neno na kulihifadhi. Mwenye nyumba hubonyeza tena. Kifaa hulihifadhi la pili na kulitoa la kwanza. Geti linafunguka, mwenye nyumba anaridhika, na mwizi amebaki na neno bikira mfukoni. Sitii watu hofu. Wezi wa huku kwetu, kwa ninavyowajua, hupenda njia fupi, na njia fupi kuliko zote ni kuokota rimoti sokoni.

Maana hapo fumbo lote halina kazi. Aliyeokota rimoti hakuiba neno, ameuokota mdomo wenyewe. Hesabu itaenda mbele kwa kidole chake kama ilivyokwenda kwa kidole cha jirani yangu. Nilimjibu hivyo bila kuzunguka: ndiyo, anaweza kuingia, akijua ni geti gani, na mji huu si mkubwa kiasi cha kumzuia kujaribu.

Dawa ilikuwa katika aya ya mwisho ya karatasi, kwa herufi ndogo kuliko zote. Kwenye ubao wa mota kuna kitufe kilichoandikwa LEARN. Ukikibonyeza mara moja, geti linakuwa mwanafunzi: bonyeza rimoti, nalo litaishika. Ukikishikilia mpaka taa izimike, geti linasahau zote. Kwa kipokezi cha aina ile huwezi kumfuta mmoja ukawaacha wengine. Hufutwa wote, kisha waaminifu hufundishwa upya. Nikaandika kwa Kiswahili: "Rimoti ikipotea, futa zote siku hiyo hiyo." Nilipolitazama neno hilo likiwa kwenye karatasi, nilicheka. Ufuta ulifungua pango la wezi. Kufuta kunalifunga.

Tulifuta jioni ile. Taa ilizimika, na rimoti tatu zilizobaki zikawa plastiki tupu mpaka zilipofundishwa moja moja. Ya kwanza ilikuwa ya jirani, ya pili ya mkewe. Ya tatu ilikaa mezani muda mrefu. Mwanawe mkubwa aliitaka. Mzee mlinzi alikuwa amesimama karibu na mlango, amevua kofia, hakusema lolote, na kila mtu aliyekuwepo alijua kwamba kilichokuwa kikiamuliwa ni mshahara wake. Nilitoa maoni yangu kwa kuwa niliulizwa. Nilisema karatasi hii haina mahali popote inaposema geti litajua nani ameshika rimoti, na kwamba siku ile rimoti ilipopotea, mtu pekee ambaye angemtambua mgeni ni huyu. Jirani alinyamaza, akamwita: "Baba, njoo ulifundishe hili na wewe." Mzee akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu isiyohitajika. Mshahara ulibaki, ingawa kazi ya usiku ilipunguzwa nusu, na sioni sababu ya kuificha nusu hiyo.

Muuzaji alikuwa na pendekezo jingine, la geti lenye laini ya simu ndani yake. Unalipigia, linatazama namba yako kwenye orodha, linakata simu na kufunguka, na salio lako halipungui. Yaani unalibipu. Sijui lugha nyingine iliyokuwa na kitenzi tayari kwa jambo hili. Tatizo ni kwamba laini husajiliwa kwa alama za vidole, na geti halina vidole, kwa hiyo husajiliwa kwa jina la mtu, na siku mtu huyo akiudhika au akihama, geti lina mwenyewe wa pili. Tena namba ya simu inaweza kughushiwa. Yapo pia yale yanayoongozwa kwa intaneti, ukiwa Mwanza unamfungulia mgeni Buseresere. Mwaka 2023 mtafiti Sam Sabetan alifichua kwamba vifaa vya kampuni moja, Nexx, vyote vilitumia nywila moja ya pamoja kuwasiliana na mtambo wake, hata aliyeijua angeweza kufungua milango ya watu asiowaona. Baada ya miaka yote ile ya fumbo, tumerudi kwenye kibwagizo kimoja, safari hii kinaimbwa na dunia nzima.

Vifaa hivyo tunaviita janja, kama simu janja. Wapo wanaolilalamikia neno hili kwamba linashusha hadhi ya teknolojia, kwa kuwa mjanja si mwenye akili tu, ni mtu wa kutazamwa kwa jicho la pembeni. Mimi nalitetea. Kiingereza kimekipa kifaa sifa tupu. Kiswahili kimekipa sifa na tahadhari ndani ya silabi mbili.

Neno moja limenishinda mpaka leo: la kuiita rimoti isiyorudia msimbo. Nilipendekeza "rimoti sabilia", nikampelekea yule fundi wa Katoro, kwa kuwa ndiye atakayelitumia au kulitupa. Aliirudisha sikioni mara mbili tatu, akaniuliza kama ni jina la kampuni. Nikamweleza habari za ubeti na kibwagizo, naye akasikiliza kwa adabu huku akiendelea kuchomelea waya. Kisha akasema, "Sisi hapa tunaiita rimoti ngumu, Mwalimu. Ukileta ngumu, nakwambia sinakili." Nimeyaandika yote mawili kwenye karatasi ya jirani, la kwake likiwa juu.